Tumwogope Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja wa juzi, baada ya sala ya Isha, nilitoka msikitini nikawakuta vijana wetu wanne wameketi barazani kwa muuza kahawa, wakibishana kwa sauti ya juu. Waliponiona walinyamaza wote pamoja, kama watoto wa chuoni waliomwona mwalimu ashika bakora. Nikawaambia, "Endeleeni, wanangu. Neno lisemwalo barazani si siri." Wakacheka, wakanipa nafasi, nikaletewa kikombe, nikasikiliza.

Mabishano yao yalikuwa juu ya picha za sinema za kutisha, za kale na za sasa. Mmoja wao, fundi wa simu, alisema kwamba picha za kale ndizo picha, kwani zilimtisha mtu kwa kivuli na kimya tu, wala hazikuhitaji kumwaga damu ndoo nzima. Wa pili, mwalimu wa skuli, alisema kwamba za sasa zina maana zaidi, na kwamba mwenye kuzitazama kwa akili hupata mafunzo. Wa tatu, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na picha moja ya Kihindi aliyohadithiwa na marehemu baba yake tangu utotoni, hata akaitafuta akaiona mwenyewe, na sasa aijua kwa moyo kama ajuavyo bei za vitambaa vyake. Wa nne, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni, alisema maneno machache: "Zote ni haramu, na kikao hiki ni upuuzi." Mwalimu akamjibu, "Ndugu yangu, ni mchezo tu. Mtu hujitisha saa mbili, kisha huzima taa akalala."

Wakanigeukia mimi. Fundi wa simu akauliza, "Sheikh wetu, kuna ubaya gani mtu kujitia khofu kwa starehe?"

Sikuwajibu usiku ule. Niliwaambia kwamba swali lao ni kubwa kuliko walivyodhani, na kwamba nitaliandikia katika karatasi hizi. Jibu lenyewe ndilo hili.

Yatupasa kwanza kulitenga swali na mambo yasiyokuwa yake. Picha ikiwa ina uchi, au yaitukana dini, au yampotezea mtu sala yake, hukumu ya mambo hayo yajulikana, wala haibadiliki kwa kuwa picha ni ya kutisha au ya kuchekesha. Sikuulizwa hayo. Nimeulizwa juu ya khofu yenyewe: je, yafaa khofu kufanywa kitu cha kuchezea? Na ikiwa yafaa, mpaka wake ni upi?

Khofu ni amana. Mwenyezi Mungu ameitia katika nafsi ya mwanadamu kama alivyotia njaa na kiu, ili imlinde. Mvuvi asiyeiogopa bahari ya kusi hazeeki. Mama asiyeogopa moto humwacha mtoto akatambaa karibu na seredani. Na khofu iliyo juu ya zote ni ile ya kumcha Muumba, ambayo humzuia mtu na dhulma hata pale ambapo hapana kiumbe amwonaye. Basi khofu si aibu wala si ugonjwa. Ni mlinzi wa mlangoni, na mlinzi huyu ana kazi moja tu, nayo ni kumjua adui na kumjua rafiki. Akimzuia jirani na kumfungulia mwizi, mshahara wake umekwenda bure.

Kuistarehea khofu hakukuletwa na sinema. Sisi sote tulilala ubavuni mwa bibi zetu tukisikiliza ngano za mazimwi, tukajifunika shuka hadi puani, na kesho yake tukaomba tuhadithiwe tena. Mtoto hupenda ngano ile kwa kuwa zimwi limo katika maneno, na yeye yumo mikononi mwa bibi yake. Aijaribu khofu kama mtu ajaribuye maji kwa mguu kabla ya kuingia. Kwa hivyo ndugu yetu wa nne hakukosea kuzichukia picha hizi, kwani kujiepusha na yasiyo na faida ni katika tabia njema za muumini. Lakini kusema "haramu" kwataka dalili, na kulitamka neno hilo pasi na dalili ni khatari kubwa kuliko picha nyingi za sinema.

Wala simwafiki mwalimu asemaye kuwa ni mchezo tu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud imetajwa kwamba masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala, na mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, na yule aliyelala akashtuka. Mtume akawafahamisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtia khofu Mwislamu mwenziwe. Kamba tu! Hakumwagwa damu, wala hakuibwa mali. Twaona hapa kwamba khofu anayotiwa mtu bila ya ridhaa yake ina hisabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu, hata kama aliyemtia alikuwa akicheka.

Kadhalika katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alilikanusha ghul. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakiitakidi kwamba majangwani yako mazimwi yaitwayo kwa jina hilo, yenye kujigeuza sura mbalimbali, yakawapoteza wasafiri njia na kuwaangamiza. Baadhi ya wanavyuoni wamesema kwamba kilichokanushwa ni kuwapo kwake, na wengine wamesema ni ule uwezo wake wa kujigeuza na kupoteza watu. Kwa kauli zote mbili maana ni moja: msafiri Mwislamu asiukabidhi moyo wake kwa zimwi. Wazungu baadaye walilichukua neno hili la ghul kutoka kwa Waarabu wakalitia katika lugha zao, na katika picha moja tutakayoitaja hapa chini wafu wanaotembea wameitwa kwa jina hilohilo. Zimwi alilolikanusha Mtume limepanda meli, likazunguka dunia, na sasa limeturudia katika simu za watoto wetu!

Basi mwenye kutoka katika picha ya kutisha haitoshi kumwuliza kama ameogopa. Yafaa aulizwe: picha hii imekufundisha kumwogopa nani?

Mfano ulio bora wa swali hili umo katika Sura Yusuf. Nduguze walipomwomba baba yao awape Yusuf waende naye mbugani kucheza, Nabii Yaakub (a.s.) alisema kwamba aogopa asije akaliwa na mbwa-mwitu nao wameghafilika naye. Wakenda naye, wakamtumbukiza kisimani, wakarudi kwa baba yao usiku wakilia, na kanzu mkononi ina damu ya uwongo. Walisema nini? Walisema kwamba ameliwa na mbwa-mwitu. Waliichukua khofu ileile aliyoitaja mzee wao kwa kinywa chake, wakaifanya kifuniko cha dhambi yao.

Tazama, ewe msomaji, jinsi khofu inavyoweza kutumiwa. Mbwa-mwitu ni mnyama wa kuogopwa kweli. Mwenye kondoo hamdharau. Lakini siku ile mbwa-mwitu hakuwa na hatia, na wenye hatia walikuwa wana wa nyumba moja, wenye kula sinia moja. Na wafasiri wametaja kwamba Nabii Yaakub aliitazama ile kanzu akaona haikuraruka. Mnyama gani huyu amlaye mtoto asiichane kanzu yake? Wazee wetu nao wamesema: kikulacho ki nguoni mwako.

Katika kisa hiki twapata namna mbili za khofu. Iko khofu yenye kuitazama kanzu, ikauliza ni nani hasa mwenye kudhulumu. Na iko khofu yenye kusikia tu jina la mbwa-mwitu, ikakimbilia kushika fimbo. Sasa na tuzipime picha za wale vijana kwa kipimo hiki.

Picha ya mwenye duka la vitambaa ni Mahal, ya mwaka 1949, aliyoiongoza Kamal Amrohi, wakaicheza Ashok Kumar na Madhubala. Bwana mmoja ahamia katika jumba kuukuu, akaona ukutani picha ya mtu afananaye naye, na usiku akatokewa na mwanamke adaiye kuwa ni mzuka wa mpenzi wake wa maisha yaliyopita. Itikadi hiyo ya roho kurudi katika mwili mwengine si yetu, nasi twaikataa. Lakini tazama mwisho wake: mzuka si mzuka, bali ni binti wa mtunza bustani wa jumba lile. Na wakati bwana yule alipokuwa akikimbizana na mzuka usiku kucha, alikuwa na mke wa halali aliyekuwa akidhoofika kwa upweke, hata mwisho akanywa sumu akafa. Mzuka haukumwua mtu. Aliyekufa alikufa kwa kupuuzwa na mumewe. Kanzu imetazamwa.

Picha ya fundi wa simu ni ya Marekani, Night of the Living Dead, aliyoitengeneza George Romero mwaka 1968. Wafu wafufuka wakala watu, na watu kadha wajifungia katika nyumba ya shamba. Waliomo ndani wazozana usiku kucha kama wakae juu au washuke chini, na kuzozana kule kwawadhuru kama wale wafu walioko nje. Kijana mweusi, aliyechezwa na Duane Jones, ndiye apiganaye kwa akili mpaka kunakucha, akabaki peke yake. Asubuhi kundi la watu wenye bunduki laja kusafisha mashamba. Lamwona dirishani, ladhani naye ni zimwi, lampiga risasi, na maiti yake yatupwa motoni pamoja na yale mazimwi. Nilipomsikia fundi akiyahadithia haya nilinyamaza kitambo, kwani mwenye kutengeneza picha ile alijua jambo wasilolijua wengi: kundi lililokusanyika kuua mazimwi halitazami sana nani limwuaye.

Mwalimu naye alizitaja mbili za sasa. Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ambamo kijana mweusi wa Marekani aalikwa katika nyumba nzuri ya watu wapole, wenye maneno laini, na khatari yote imo katika upole ule. Na His House ya Remi Weekes, ya mwaka 2020, juu ya mume na mke wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza. Kutani mwatoka sauti, wafu wawatokea. Mwisho twajua kwamba wakati wa kukimbia vita walimtwaa mtoto wa mtu wakasema ni wao, ili wapate nafasi katika basi, na mtoto yule akafa maji baharini. Kilichokuwa kikiwasumbua ukutani kilikuwa ni dhulma walioifanya kwa mikono yao. Picha kama hizi sizisifu kwa kila kilichomo, lakini sitasema kwamba hazina funzo.

Ziko nyengine zisizoitazama kanzu kabisa. Mwaka 1922 F. W. Murnau alitengeneza Ujerumani picha iitwayo Nosferatu, ambamo mgeni wa kutisha, mwenye makucha marefu, aja kwa jahazi pamoja na panya, akauletea mji tauni. Sisemi kuwa Murnau alikusudia uovu. Yeye alikufa mwaka 1931, kabla Hitler hajatawala. Lakini mwaka 1940 utawala wa Hitler ulitoa picha nyengine, Der ewige Jude, iliyotangazwa kuwa ni ya kweli na si ya mchezo, nayo iliwaonyesha panya wakienea, ikawafananisha nao Mayahudi waliokuwa majirani na wananchi wa nchi ile. Yaliyofuata katika miaka mitano baada yake dunia nzima yayajua. Picha ya panya na mgeni ilitolewa katika mchezo, ikavikwa watu wenye majina, wenye milango, wenye watoto.

Karibu zaidi nasi ni Nigeria. Mwaka 1999 ilitoka huko picha iitwayo End of the Wicked, yenye kuonyesha watoto wadogo kuwa wachawi wenye kuwaangamiza wazazi wao. Watetezi wa watoto waliilaumu kwa kuichochea itikadi hii, wakati ambapo katika jimbo la Akwa Ibom watoto walikuwa wakipigwa na kufukuzwa majumbani kwa kusingiziwa uchawi. Jimbo lile lilipitisha sheria mwaka 2008, yenye kumpa adhabu mtu amwitaye mtoto mchawi. Fikiri, ewe ndugu, ni uchungu gani huu, hata ikahitajiwa sheria ya serikali kumlinda mtoto na khofu ya mama yake!

Hapa pana neno la kuongeza juu ya zile picha zenye wafuasi, zitazamwazo na watu walewale mara kwa mara hata wakazijua kwa moyo. Marekani iko picha moja ya mwaka 1975, The Rocky Horror Picture Show, ambayo watu wake huiendea usiku wa manane wamevaa nguo kama za waliomo ndani yake, wakayajibu maneno ya picha kwa sauti moja. Tusiwacheke. Sisi wenyewe twajua nguvu ya kukariri. Ndiyo maana tuna nyiradi, na ndiyo maana mtoto hukaririshwa juzuu kabla ya kufahamu maana yake. Neno likaririwalo huteremka kutoka ulimini hadi moyoni. Basi picha unayoitazama mara moja ni mgeni, na ile unayoitazama mara ishirini imekwisha kuwa mwenye nyumba. Mtu na achague kwa uangalifu ni khofu gani atakayoihifadhi.

Mwalimu, nimjuavyo, atanipinga. Atasema: "Sheikh, watu waliuana kwa uchawi kabla ya sinema kuzaliwa. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na mjini Unguja mtu mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, akapigwa na umati hata akafa. Ni picha gani iliyomwua huyo?"

Amesema kweli, nami namkubalia. Haikuwa picha. Ilikuwa ni hadithi iliyopita midomoni, kutoka baraza hadi baraza. Na kaskazini yetu hapa, katika kaunti ya Kilifi, wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, hata wengine wakakimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, wapate kunusurika, wamewaacha wana na wajukuu waliowazaa wenyewe. Mvi, ambazo katika dini yetu ni heshima, zimegeuzwa ushahidi wa kumwua mtu. Na mara nyingi, ukitafuta nyuma ya singizio, wakuta shamba. Mzee hajagawa ardhi, na vijana wamechoka kungoja. Ndugu zangu, hawa si ndugu wa Yusuf waliorudi na kanzu ya damu? "Ameliwa na mbwa-mwitu, alikuwa mchawi." Na kanzu haikuraruka.

Wala sisi masheikh tusijitoe. Ni wangapi katika sisi, wakipanda kutoa mawaidha, huyaacha mambo ya dhulma na riba na haki za mayatima, wakasimulia visa vya majini nusu saa, kwa sababu wajua kwamba hapo hapana atakayesinzia? Ni wangapi huandika makombe na kupiga bao, kisha mwisho humtajia mgonjwa kwamba aliyemroga ni "mtu wa karibu, mwanamke, mtu mzima," wakamrudisha nyumbani akimtazama shangazi yake kwa jicho jengine? Hiyo nayo ni picha ya kutisha, tena ni mbaya kuliko zote, kwani haina mwisho, taa haziwashwi, na mtazamaji aambiwa kwamba ni dini. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura Aal Imran kwamba shetani ndiye mwenye kutisha watu kwa wafuasi wake, na ametukataza tusiwaogope. Na katika Sura Hujurat ametuamrisha kuithibitisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na kuziepuka dhana nyingi. Aya hizi twazisoma kwa sauti nzuri, lakini jirani yetu mzee hajapata amani kwazo.

Nalisema hili kwa kujua. Mwaka ambao nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, tulikuwa tukienda kwa siri katika nyumba moja iliyokuwa ikionyesha picha za video kwa shilingi chache. Huko tuliona picha moja, ambayo jina lake nimelisahau, ya mwanamke mzee aliyekuwa akitembea usiku na kunyonya damu ya watoto wachanga. Mtaani kwetu alikuwako bibi mmoja akikaa peke yake, mwenye jicho moja jeupe, akiuza mabuyu na achari kibarazani. Na usiku wa manane alikuwa akionekana uchochoroni na ndoo. Mimi ndimi niliyesema kwanza, "Yule bibi ni mwanga." Nililisema kwa kuchekesha. Wenzangu wakalichukua. Baada ya siku chache watoto waliacha kununua mabuyu yake. Kisha mlango wake ukapigwa mawe usiku. Kisha watu wazima, waliojua kwamba ni maneno ya watoto, nao wakaanza kuwapitisha watoto wao wachanga upande wa pili wa njia. Mwaka haukumalizika, bibi akachukuliwa na jamaa zake wa mbali, akahamia shamba, na huko akafa.

Miaka mingi ikapita, nimekwisha kusoma, nimekwisha kuvaa kilemba, ndipo siku moja mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipomtaja. Akaniambia kwamba zama zile maji ya mifereji yalikuwa yakija usiku tu, na bibi yule alikuwa akiamka wakati ule kwa sababu mapema alikuwa akisukumwa katika foleni. Na nilipozaliwa mdogo wangu, mama akiwa yu katika arubaini yake, zile ndoo mbili za maji tulizokuwa tukizikuta mlangoni kila alfajiri, alikuwa akizileta yeye.

Wanavyuoni wametufunza kwamba haki ya Mwenyezi Mungu huombewa toba, lakini haki ya binadamu yabaki shingoni mpaka mwenyewe asamehe. Mimi nimemwombea dua, na kumtolea sadaka, na kuwatafuta jamaa zake nisiwapate. Deni lile lingali pale pale. Ndiyo sababu sikuweza kulijibu swali la fundi wa simu kwa neno moja pale barazani.

Jibu langu basi, kwa mukhtasari, ni hili. Mtu mzima, mwenye akili yake, akitazama picha ya kutisha isiyokuwa na haramu nyengine ndani yake, simkatazi kwa neno nisilokuwa na dalili yake, lakini namwusia mambo matatu.

La kwanza, akimaliza kuitazama, ajiulize imemfundisha kumwogopa nani: mdhalimu, au mnyonge? Ikiwa zimwi la picha ile lafanana na kizee, au mgeni, au mlemavu, au mgonjwa wa akili, na ajue kwamba ametiwa khofu ya bandia, na aitoe moyoni kabla hajalala.

La pili, asimwonyeshe mtoto. Mtoto asikiapo ngano yu mkononi mwa bibi. Mtoto atazamapo simu chini ya shuka hayuko mkononi mwa mtu. Na khofu atakayotoka nayo ataipeleka mahali, na mahali hapo aghalabu huwa ni kwa mtu asiyeweza kujitetea.

La tatu, khofu yake kubwa aiweke mahali pake. Na amwogope Mwenyezi Mungu katika shamba la mayatima, katika mshahara wa mtumishi wake, katika mke aketiye peke yake hali mumewe yu barazani usiku kucha akizungumza mizuka. Hayo ndiyo yenye kula watu katika mji huu, wala hayana makucha.

Na nyinyi vijana wanne, nina ombi kwenu. Katika uchochoro ulio nyuma ya baraza lile mnalokalia yuko mzee akaaye peke yake, ambaye watoto humpita mbio. Nyote mwamjua. Kesho, kabla ya kukutana kwa mabishano yenu, nendeni mkampigie hodi. Mwulizeni kama ana maji. Mimi nitakuwa nimekwisha kufika, nawangojeeni hapo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili atujaalie kuiepuka. Amin. Wabillahi taufiki.